Ukitoka na mtu usiyemjua ugenini, njia ya kurudi ibaki mkononi mwako

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na kazi hii haikai mahali pamoja. Wiki hii mji huu, mwezi ujao mji mwingine, chumba cha hoteli peke yangu na jioni ndefu mbele yangu. Kwa hiyo ndiyo, huwa nakutana na watu. Wengine nimewapata Tinder na Bumble, programu za simu za kutafuta wapenzi, wengine kwenye foleni ya uwanja wa ndege, mmoja ndani ya lifti iliyokwama. Wanawake wenzangu huniuliza kama siogopi. Naogopa kiasi cha kujipanga, si kiasi cha kujifungia chumbani.

Ushauri mwingi tunaopewa ni wa kumsoma mwanamume: mwangalie macho, sikiliza moyo wako unasemaje. Mimi siutegemei sana. Mwenye nia mbaya ameshafanya mazoezi ya kuonekana mwema kuliko yule mwema mwenyewe, ambaye mara nyingi anatetemeka na kumwaga maji mezani. Ninachokagua ni jambo moja tu: dakika hii nikitaka kuondoka, naweza? Bila kumwomba gari, bila kumwomba hela, bila kumbembeleza? Kama naweza, naendelea kufurahia jioni yangu. Jibu likianza kuyumba, nainuka.

Kabla hujaanza kuchati

Usimtafute mtu siku uliyotua. Siku ya kwanza ni ya kuujua mji: hoteli iko upande gani, teksi zinaitwaje, mtaa upi una watu hadi usiku na upi unakufa mapema. Namba ya dharura ya nchi uliyomo iingize kwenye simu kabla hujahitaji kuitafuta. Nchi nyingi 112 inaita ukipiga kwa simu ya mkononi, lakini si zote, kwa hiyo hakikisha. Mimi huihifadhi kwa jina "AA Polisi" ili ikae juu ya orodha.

Sheria za mahali nazo zisome, na hapa ndipo wasafiri wengi huruka. Mwaka 2013 mwanamke mmoja kutoka Norwei alikwenda polisi Dubai kuripoti kwamba amebakwa, akaishia yeye kuhukumiwa kifungo cha miezi 16, pamoja na mengine kwa kosa la kufanya ngono nje ya ndoa. Alisamehewa siku chache baadaye baada ya kelele za dunia nzima, na sheria za huko zimebadilishwa tangu wakati huo, lakini zipo nchi nyingine ambako anayelalamika anaweza kugeuzwa mshtakiwa. Ukilijua hilo mapema, utajua pia nani wa kumpigia kwanza mambo yakiharibika. Na kama unayemtafuta ni mwanamke mwenzako, soma mara mbili. Tangu 2019 Tinder huonyesha tahadhari ukiifungua katika nchi ambako mapenzi ya jinsia moja ni kosa la jinai, na hukupa nafasi ya kuificha profaili yako. Ukiiona tahadhari hiyo, usiipite kama tangazo.

Halafu profaili yenyewe. Weka picha ambazo hujawahi kuzitumia kwingine, kwa sababu picha ile ile iliyoko kwenye ukurasa wako wa kazini inamfikisha mtu kwenye jina lako kamili kwa kubofya mara moja. Usiandike unapofanya kazi, usiunganishe Instagram, usijipige picha dirishani mwa hoteli na mandhari yote nyuma yako.

Kuna na suala la umbali, ambalo watu hawalifikirii. Programu nyingi humwonyesha mwenzako mko kilomita ngapi. Inaonekana si kitu. Lakini mtu akisoma umbali wako akiwa sehemu tatu tofauti za mji, ana miduara mitatu juu ya ramani, na miduara mitatu hukutana mahali pamoja: hapo ulipo. Ikiwezekana kuficha umbali, ficha. Isipowezekana, usiifungue programu ukiwa chumbani. Ifungue mahali penye watu, kisha uinyime ruhusa ya kujua ulipo kabla hujarudi.

Hapana ndogo

Picha za huyo unayechati naye zipitishe kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha mtandaoni, uone kama zina mwenyewe mwingine. Baada ya hapo omba simu ya video, hata ya dakika tano. Siku hizi sura inaweza kutengenezwa, kwa hiyo katikati ya mazungumzo mwambie ageuze kichwa pembeni kabisa au apitishe mkono mbele ya uso. Si kipimo cha uhakika, lakini matapeli wengi wavivu huanguka hapo. Anayesema kamera yake imeharibika namwelewa mara ya kwanza. Kamera isiyopona wiki nzima siielewi.

Kuna kipimo ninachokiamini kuliko hivyo vyote, nacho hakihitaji programu yoyote. Mapema kabisa, kabla hatujaonana, namkatalia kitu kidogo kisicho na maana. Akisema Jumanne, nasema Jumatano. Akitaka namba yangu ya WhatsApp, nasema tuendelee hapahapa kwanza. Kisha nanyamaza nione. Mmoja alinijibu, "Sawa, hapahapa panatosha. Jumatano saa ngapi?" Tukaonana, na ilikuwa jioni nzuri. Mwingine aliandika hivi, maneno yakifuatana ndani ya dakika moja:

"Kwani huniamini?"

"Mimi si kama hao wengine."

"Basi acha tu, nilidhani wewe ni mtu mzima."

Kumwamini kwa lipi, hatujuani! Lakini angalia alivyopanga: kwanza lawama, kisha sifa zake mwenyewe, kisha kunitia aibu ili nibadilishe mawazo. Hapo bado yuko nyuma ya kioo cha simu na ninachomkatalia ni namba tu. Sikuwa na haja ya kujua angefanya nini nikimkatalia kitu kikubwa zaidi tukiwa wawili ndani ya gari lake. Nilimblok nikaenda kulala.

Kubaki ndani ya programu kuna faida nyingine: ukitaka kumripoti, mazungumzo yako mikononi mwa wenye programu. Hata hivyo piga skrinishoti za profaili na ujumbe mapema, kwa sababu akijiondoa kwako, mara nyingi mazungumzo yote yanapotea machoni pako.

Jicho la mkaguzi pia linanisaidia kidogo. Hesabu isiyo na dosari hata moja ndiyo hunifanya nivae miwani. Vivyo hivyo na mwanamume anayependa kila ninachopenda, ambaye mama yake alikuwa na maradhi yale yale aliyokuwa nayo mama yangu, na ambaye kwa bahati naye anaondoka mji huu siku ile ile ninayoondoka mimi. Anayeomba hela au kunifundisha kuwekeza kwenye sarafu za kidijitali kabla hatujaonana simjadili hata kidogo.

Mahali nachagua mimi

Mchana au mapema jioni, mahali penye wahudumu, penye teksi karibu, na pasiwe jirani na hoteli yangu. Huwa nakwenda kupaona kabla ya siku yenyewe. Nakaa, naagiza kitu, naangalia choo kiko wapi na kama kuna mlango wa pili, namuuliza mhudumu wanafunga saa ngapi. Siku ya miadi nafika mapema, nakaa nikitazama mlango, kisha namwambia mhudumu bila kuzunguka: "Leo nakutana na mtu kwa mara ya kwanza. Nikikuita nikauliza bili mara mbili, naomba ukae karibu." Sijawahi kuona aliyecheka.

Uingereza wana utaratibu ulioanzia Lincolnshire mwaka 2016: mwanamke aliye mashakani anakwenda kaunta kumuulizia "Angela", na wafanyakazi wanajua wamtoe kimyakimya au wamwitie gari. Umeenea sehemu nyingine pia. Lakini ugenini usitegemee kwamba mhudumu uliyemkuta amefundishwa. Sema tu, "Huyu ananitisha, nisaidie."

Akikataa kila mahali unapotaja na kung'ang'ania baa moja tu anayoijua yeye, kuna uwezekano hana nia ya mapenzi kabisa. Ni mchezo wa siku nyingi katika miji ya watalii: mnakaa, mnakunywa, bili inakuja ya kutisha, na mlangoni wamesimama vijana wawili wanene. Yeye analipwa asilimia yake.

Usafiri ni wako, kwenda na kurudi. Asikufuate hotelini. Na hata akiwa mkarimu kiasi gani, asikuitie gari kwa simu yake, maana gari likiitwa kwa simu yake, safari nzima anaiona kwenye ramani, hadi mlango ulioshukia.

Ujumbe wa mdogo wangu

Mlinzi wangu ni mdogo wangu wa kike, na ana maneno huyo. Nikimtumia picha hujibu, "Dada, mbona picha zote kavaa miwani ya jua? Mwambie avue." Kabla ya kutoka namwandikia hivi:

"Nakutana na fulani saa 10 jioni, saa za huku. Picha yake hii, profaili yake hii, namba yake hii. Mahali ni hapa kwenye ramani. Saa 12 nitakuandikia. Nikiwa kimya hadi 12 na nusu, nipigie mara mbili. Nisipopokea, pigia mapokezi ya hoteli kwa namba hii, chumba changu ni hiki, waende kugonga. Nisipokuwepo, piga polisi wa huku kwa namba hii."

Kila neno lina kazi yake. Saa za huku, kwa sababu mkiwa kwenye saa tofauti mmoja atangoja wakati mwingine anahangaika. Namba ya mapokezi, kwa sababu akiwa mbali hawezi kuja kugonga mwenyewe. Namba ya polisi iandikwe na msimbo wa nchi mbele, ile ya kituo cha kawaida, kwa kuwa namba fupi ya dharura akiipiga alipo itamfikisha kwa polisi wa kwao.

Tunakubaliana pia kwamba "niko poa" si jibu. Yeyote aliyeshika simu yangu anaweza kuandika "niko poa". Tuna swali ambalo jibu lake halipo kwenye simu wala mtandaoni, la mambo ya utotoni, na nikilijibu kwa makusudi vibaya anajua cha kufanya.

Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp ina vipimo vitatu: dakika 15, saa 1 na saa 8. Chagua saa 8, kisha hakikisha una chaji, bando na pawabenki. Simu ikizima, mdogo wako amebaki na ramani isiyosogea.

Mezani

Kinywaji naagiza mwenyewe, nakiona kikifunguliwa, na nikienda chooni nakwenda nacho au nikirudi naagiza kingine. Kusema "nitaonja nitajua" ni kujidanganya, kwani dawa nyingi za aina hii huwezi kuzitambua kwa ladha, na mara nyingi kinachoongezwa ni pombe yenyewe: uliomba kipimo kimoja ukaletewa viwili. Dalili ya kuiangalia ni moja: umelewa kuliko ulivyokunywa. Ukihisi hivyo, usitoke nje kupunga hewa, hasa naye, hata akijitolea kukushika mkono. Nenda kwa mhudumu au kwa meza yenye wanawake, sema umetiliwa kitu, kisha mpigie mtu wako. Ukifika hospitali, omba kipimo cha mkojo mapema. Dawa kama GHB, moja ya zile wanazotilia watu vinywajini, huisha mwilini ndani ya saa 12 hivi. Usidhani ni hofu ya wanawake tu. Januari 2024 ubalozi wa Marekani mjini Bogotá, Kolombia, ulitoa onyo baada ya Wamarekani wanane kufa kwa mazingira ya kutatanisha Medellín ndani ya miezi miwili, na baadhi ya vifo vilihusishwa na kutiliwa dawa, wizi na watu waliokutana nao kwenye programu za kutafuta wapenzi.

Mkoba uwe mapajani, mkanda umezungushwa mguuni. Kadi moja mkobani, nyingine hotelini, na noti ya nauli mahali pa tatu. Zile kadi za kufungulia mlango wa hoteli mara nyingi hutolewa ndani ya kijaladi kilichoandikwa namba ya chumba. Kijaladi kiache chumbani.

Kuhusu kusema uongo, dhamira yangu hainisumbui. "Tumefikia na wenzangu wa kazini" ni sentensi nzuri. Tarehe ya kuondoka siitaji, hoteli siitaji, mtaa nataja wa upande mwingine. Na tangu mwanzo nasema, "Saa 1 nina simu ya kazini." Jioni ikiwa tamu, simu hiyo huahirishwa. Ikiwa chungu, hakuna aliyeshangaa ninapoinuka.

Na ukiinuka, usitoe sababu. "Nashukuru kwa muda wako, naondoka" inatosha. Ukisema umechoka, atakupa kahawa. Ukisema una njaa, anajua mahali. Kila sababu inazaa jibu, na utajikuta umekaa tena.

Kurudi

Gari likifika, linganisha namba zake na za kwenye simu, kisha muulize dereva, "Umekuja kumchukua nani?" Usimtajie jina wewe. Kaa nyuma, fungua ramani yako ufuate njia. Ukiona kuna gari linawafuata, usishuke hotelini. Mwambie dereva akupeleke kituo cha polisi au hoteli nyingine kubwa yenye mapokezi ya usiku kucha. Mapokezi waambie tangu siku ya kwanza kwamba hakuna anayepewa namba ya chumba chako, na mpokeaji akiitamka kwa sauti mbele ya watu, omba chumba kingine. Mimi hubeba kabari ya mlango. Haina uzito na hailali.

Sitajifanya kwamba jioni zote huishia mezani. Ukiamua kwenda naye mahali pa faragha, isiwe siku ya kwanza, kondomu ziwe zako, na anwani mpya ifike kwa mtu wako kabla hujaingia. Kwake sipendi, kwangu sipendi. Naona afadhali hoteli ambayo mapokezi wanaandika kitambulisho chake, maana aliyejiandikisha hubadilika tabia. Ukishaingia, bado unaweza kusema hapana, katikati, mwishoni, wakati wowote, na anayedai "si umekuja mwenyewe" anatafuta kisingizio.

Yakiharibika

Kama umeshambuliwa, kwanza fika mahali salama na umpigie mtu wako. Kosa si lako, hata kama hukufuata lolote katika haya niliyoandika. Kisha saa zinahesabika. Dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vya levonorgestrel ni ndani ya saa 72. Vya ulipristal hufika hadi saa 120. Kama unaweza, usioge kabla ya kumwona daktari, na nguo weka kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi.

Katika nchi ambayo sheria yake inaweza kukugeukia, piga ubalozi wako kabla hujaandika maelezo polisi. Ukizuiliwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unakupa haki ya kuomba ubalozi wako uarifiwe. Omba, na urudie kuomba.

Akikutishia kusambaza picha zako, usilipe. Ukilipa mara moja, atarudi. Hifadhi vitisho vyote, kisha ingia StopNCII.org. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hukohuko kwenye simu yako, picha yenyewe haiondoki, na mitandao inayoshirikiana nayo hutumia alama hiyo kuizuia.

Na hata kama hakuna kilichotokea, kagua mkoba ukirudi, mifuko ya koti pia. Tangu Mei 2024 simu za iPhone na Android zote hutoa onyo kunapokuwa na kifaa kidogo cha kufuatilia, kama AirTag, kinachosafiri nawe bila kuwa chako. Onyo likija, kipige picha pamoja na namba yake ya utambulisho (serial number) kabla ya kukizima, kwa sababu polisi wanaweza kuitumia kumtafuta mwenyewe.

Akiwa mtu mwema

Wengi ni wema, la sivyo ningeshaacha. Mara ya pili nalegeza kitu kimoja, si vyote. Labda natumia namba yangu halisi, labda nakubali mahali alipochagua yeye, baada ya kupatazama. Mdogo wangu bado anapata saa na ramani. Bili akitaka kulipa alipe, nauli ni yangu. Jina la hoteli analijua siku ninayoamua mimi, na mara nyingi ni asubuhi ile ninayorudisha ufunguo.